Karibu, Monika

Kila asubuhi kompyuta yetu humkaribisha mwanamke mwingine. Ukiiwasha inakoroma kama ng'ombe aliyeshiba, kioo kinakuwa cha buluu, halafu linatokea jina: Monika. Mimi ndiye niliyefagia duka, mimi ndiye niliyepanga karatasi kwenye mashine ya fotokopi, na anayekaribishwa ni Monika.

Monika ni mke wa kwanza wa mume wangu, Ndalahwa. Waliachana, akarudi kwao Mwandoya, na huko ameshaolewa. Alibeba vyombo, alibeba kitanda, alibeba hata ufagio. Kompyuta aliiacha, na jina lake ndani. Wivu ni kidonda, nimeambiwa sana. Basi mimi ninacho.

Jina likishatokea, Ndalahwa huinama, anabonyeza neno la siri, ananiachia kiti na kwenda kwenye pamba yake. Umeme ukikatika ukarudi, inabidi nimpigie simu, aache jembe aje abonyeze yeye. Nikimwomba anitajie hilo neno, anakohoa.

"Nitakuja, Ng'wana Mboje," anasema.

Ng'wana Mboje, yaani mtoto wa Mboje, baba yangu. Ndivyo anavyoniita, na Bariadi nzima imemfuata. Jina langu hasa hawezi kulitamka. Nilipozaliwa, hali ya mama ilikuwa mbaya, wakanipa jina lake wakidhani anaondoka. Hakuondoka. Sasa ni mkwe wa Ndalahwa, na kwetu mama mkwe hatajwi jina. Ni heshima, sikatai. Lakini Monika alikuwa akimwita Monika, tena kwa sauti.

Mwaka huu kompyuta ilitushinda. Mteja analeta maombi ya mkopo wa chuo au cheti cha kuzaliwa, ukurasa haufunguki. Ananitazama, anaitazama kompyuta, anavuka barabara kwenda kwenye duka la Martha. Fundi Elia alikuja akasema windo yetu, yaani programu inayoendesha kompyuta, imezeeka mno. Tunaweza kuipandisha hadi toleo jipya, kila kitu kikabaki, ila itakuwa nzito na printa yetu ya zamani huenda ikagoma. Au tufute yote, tupige windo upya.

"Futa," nilisema.

"Ipandishe," alisema Ndalahwa. "Kuna kazi za watu humo."

"Kazi za watu au kazi za mtu?"

Alivaa kofia yake. "Basi iacheni ilivyo," alisema, akatoka. Tulibishana juu ya hilo hadi chakula kikawa hakishuki, na wateja wakaendelea kuvuka barabara.

Siku aliyokwenda msibani Dutwa, nilimwita Elia. Nilimwambia afute kila kitu. Elia akawasha, na Monika akakaribishwa.

"Kwanza nitoe kazi za wateja," alisema. "Neno la siri ni lipi?"

"Silijui."

"Mke wa mwenye duka hulijui?"

Aliuliza bila ubaya, lakini niliungua hadi masikio. Alimpigia Ndalahwa, akaweka spika.

"Mzee, nitajie neno la siri la kompyuta."

Tulisikia wimbo wa msibani kwa mbali.

"Nakuja," alisema Ndalahwa, akakata.

Anakuja! Mtu anaacha msiba kwa sababu ya neno moja lisilofaa kusikiwa na mkewe. Lingekuwa neno gani, kama si jina la mapenzi walilokuwa wakiitana? Nikaapa moyoni: akilitamka tu, jioni hiyo nafunga mizigo, narudi Bukundi kwa Mboje. Na sirudi tena.

Alifika kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Alitaka kukaa abonyeze mwenyewe. Elia akamzuia.

"Itazima na kuwaka mara nyingi, mzee. Lazima nilijue."

Ndalahwa akautazama mlango, akaitazama dari, akaitazama miguu yake.

"Liseme," nilisema, nikimwita kwa jina la baba yake. "Liseme mbele yangu, Ng'wana Mayala."

"Ni jina la huyu," alisema, akinionyesha kwa kidevu.

Elia akaanza kuandika. "Ng'wana Mboje?"

"Hapana. La kwake mwenyewe."

Elia akanigeukia. Miaka yote anaingia dukani kwetu, hakuwahi kulisikia.

"Kwani mama unaitwa nani?"

"Nyamizi," nilisema.

Ndalahwa alishusha kofia usoni kama vile mama yangu ameingia dukani. Elia akaandika, kompyuta ikafunguka.

"Tangu lini?" nilimuuliza mume wangu.

"Tangu ulipokuja. Mdomo umekatazwa. Vidole sikusikia vikikatazwa." Alijifuta vumbi. "Lakini ni jina la mkwe, na mimi nalibonyeza kila asubuhi. Ningekueleza vipi?"

"Na jina la huyo anayekaribishwa?"

"Nilidhani halibadilishwi."

"Ni dakika moja tu, mzee," alisema Elia.

Basi hatukufuta. Kuipandisha kulichukua mchana kutwa, na printa haikugoma. Mwishowe Elia akauliza aandike jina gani la kukaribishwa. Ndalahwa alikuwa amesimama mlangoni, ametugeuzia mgongo.

"Hilo hilo la kufungulia," alisema.

Elia akanyoosha mkono kwenye kibodi. Nikamwambia apishe. Monika nilimfuta mwenyewe, herufi moja moja, bila haraka yoyote.