Gundu la Safu ya Ishirini na Mbili

Colleen alimfunga mumewe zipu ya koti mpaka kidevuni, akampiga kofi dogo la kifuani.

"Nisikilize, Darren. Leo usimseme Brandt. Baba akianza kumsifu Brandt, wewe tafuna soseji."

"Na akiniuliza swali?"

"Tafuna nyingine. Mdomo wako huo ndio utakuponza."

Darren Pilarski alikuwa fundi wa kuezeka paa, miaka ishirini na minne. Shule aliitema akiwa na kumi na sita, maana kukaa kwenye kiti kimoja dakika arobaini kulikuwa kunamuwasha mwili mzima. Ajabu yake sasa, kitu alichokuwa anakitaka kuliko vyote duniani kilikuwa kiti. Tena kiti chenyewe cha plastiki, kimepauka, kina ufa. Lakini kiko safu ya ishirini na mbili, uwanja wa Wahunzi wa Erie, timu ya mpira wa Kimarekani, na mwenye kiti cha msimu pale hakiachii mpaka azikwe. Watu wa Erie mtoto akizaliwa humwandikisha kwenye foleni ya viti kabla hawajakubaliana jina lake, na mtoto huota ndevu bado anangoja.

Baba mkwe wake, mzee Walt Nowicki, alikuwa na viwili. Kimoja chake, kimoja cha mdogo wake Len. Mwaka huu magoti ya Len yamegoma baridi, kahamia Arizona kwenye jua. Kiti kimebaki wazi na wakwe wako wawili. Wiki iliyopita alipelekwa Craig, yule wa benki, mume wa dada yake Colleen. Leo zamu ya Darren. Mechi ikiisha, mzee anatoa hukumu.

Ingekuwa kazi rahisi tu. Ugomvi wote ulikuwa kwenye mrushaji. Katika mchezo ule mrushaji ndiye timu, wengine wote wanavunjana mbavu ili yeye apate sekunde tatu za kuutupa mpira. Mzee Walt alikuwa mtu wa Hollis Brandt, umri miaka thelathini na minane, magoti kama bawaba za mlango wa zizi. Darren alikuwa mtu wa Tremaine Oakes, kijana mwenye mkono kama manati, ambaye kocha alimkalisha benchi tangu Septemba kama mwavuli wa akiba. Fulana ya Oakes alikuwa ameivaa ndani ya koti. Ndiyo maana ya ile zipu.

Kwenye maegesho theluji ilikuwa inaanguka taratibu, moshi wa majiko umetanda juu ya mapikapu, watu wanakunywa bia saa tano asubuhi na hakuna anayemuuliza mwenzake. Mzee Walt, fulana ya Brandt kaivaa juu ya koti nene mpaka anafanana na godoro, alikuwa anageuza soseji za Kipolandi kwa mikono yake.

"Brandt leo atawafundisha adabu hawa wa Cleveland," akasema. "Au wewe unaonaje?"

Darren akatia soseji mdomoni.

"Craig anasema Brandt ana miaka mitano mbele yake."

Darren akatia ya pili. Ile ya kwanza ilikuwa haijashuka.

"Una njaa wewe," mzee akasema, akimtazama. "Colleen hapiki siku hizi?"

Mpaka robo ya tatu ya mchezo, Darren alikuwa ameshinda. Hajasema neno. Lakini Wahunzi walikuwa wanachapwa kumi na saba kwa tatu, na Brandt alikuwa amewarushia Cleveland mipira mitatu mikononi, kama mtu anayegawa pipi. Kila ukinyakuliwa, mzee Walt alikuwa na sababu. Wa kwanza ulikuwa upepo. Wa pili, mwamuzi. Wa tatu akasema jua, na wakati huo theluji inamwagika hata magoli huyaoni.

"Jua?" likamtoka Darren.

Safu nzima ikageuka.

"Mzee, samahani. Jua la wapi? Huyu mtu amekwisha! Amekwisha kama betri. Mkono wake ule hautupi hata taka. Muwekeni Oakes, jamani, mnangoja nini, azeeke na yeye?"

 Mzee Walt alitazama mbele tu, na masikio yake yakawa mekundu. Nyuma yao alikaa Otis Hargrove, dereva wa basi mstaafu, miaka ishirini yuko pale pale. Akainama, akamnong'oneza Darren sikioni:

"Kijana, umekalia hicho kiti kwa saa mbili. Nimefurahi kukufahamu."

 Darren akajiona anamwambia Colleen kuwa kiti kimepotea. Akamwona Craig kakaa pale, kavuka miguu, anaitikia kila kitu.

Na Mungu naye ana utani wake. Haikupita dakika, Brandt akaangukiwa na mabonge mawili ya Cleveland, akainuka anachechemea, akatolewa nje. Uwanja wote ukasimama kumwangalia anayeingia. Oakes.

Darren alitaka kuruka. Akajizuia. Kibofu nacho, na baridi ile yote, kikakataa kuzuiwa.

"Nakuja," akasema, akakimbia chooni.

Alikuwa amesimama ukutani na wanaume wengine thelathini, kila mtu anahangaika na nguo zake tatu tatu, alipousikia mlio. Saruji ilitikisika. Mtu mmoja akapiga yowe, "Tumefunga! Tumefunga, na mimi nipo hapa!" Pointi sita za mpira na moja ya teke: kumi na saba kwa kumi. Oakes kautupa mpira mita hamsini, na Darren, aliyempigania tangu Septemba, alikuwa anaangalia vigae.

Alirudi mbio, akakaa. Wahunzi walipopata mpira tena, jaribio la kwanza Oakes akaangushwa. La pili, akaangushwa tena. La tatu mpira ukamponyoka.

Dot akaacha kupiga kengele. Huyu Dot alikuwa mama mnene wa kiti cha pembeni, mwenye kengele ya ng'ombe shingoni na sheria zote za safu kichwani. Alimtazama Darren kama daktari anavyotazama kidonda.

"Wewe mwenye mdomo. Ulipokuwa chooni tulifunga."

"Ndiyo, nimesikia."

"Umerudi, tumekufa."

"Mama Dot, mimi na mpira kule chini tunahusiana nini?"

"Una gundu," Otis akakata hukumu huko nyuma. "Si kosa lako. Mjomba wangu alikuwa nalo, tulimtazamisha mechi za fainali akiwa gereji."

"Toka," Dot akasema. "Kasimame kwenye kijia. Na runinga ya pale kwa muuza kakao usiitazame. Ukiitazama, gundu linapita kwenye waya."

Darren alicheka. Akaangalia huku na huku apate wa kucheka naye. Hakuna. Safu nzima, watu wazima wenye wajukuu, walikuwa wanamngoja. Akamgeukia baba mkwe.

"Mzee?"

Ilikuwa mara ya kwanza mzee Walt kumsemesha tangu yale ya jua. "Unakitaka hiki kiti?"

"Nakitaka sana."

"Basi kiache."

Akatoka.

Kijia kilikuwa cha saruji, kirefu, kimeinama kidogo, upande mmoja kinaishia kwa muuza kakao, upande mwingine kuna mwanga mweupe wa uwanja. Hatua sita tu hadi pale. Darren aliupa mwanga mgongo, akalikazia macho bomba la maji ukutani, akasikiliza.

Kusikiliza mchezo ule kuna elimu yake. Uwanja ukipiga kelele, wageni ndio wenye mpira, watu wanawachanganya wasisikizane. Uwanja ukinyamaza, mpira ni wetu, mrushaji anawaambia wenzake mpango. Darren akasikia kelele, kelele, kelele. Halafu kimya. Kimya kile cha watu elfu sitini kinatisha kuliko kelele zao. Kisha ukaja mlipuko, na kengele ya Dot juu ya yote, na muuza kakao akatupa kofia. Kumi na saba kwa kumi na saba.

"Mungu wangu," Darren akaliambia bomba. "Kweli ninalo."

Kisha kelele ndefu, na mguno mzito. Cleveland wamepiga teke kati ya nguzo, pointi tatu. Ishirini kwa kumi na saba, na muuza kakao akasema zimebaki dakika mbili.

Hapo ndipo akamwona mtu anashuka kwenye kijia, mikono mfukoni, kichwa chini, fulana ya Brandt imejaa theluji. Mzee Walt.

"Mzee! Unaumwa?"

"Siumwi."

"Sasa mbona umetoka?"

Mzee akasimama karibu yake, naye akaliangalia bomba. "Otis amehesabu. Eti kila nikisema 'Brandt angeshautupa', yule kijana anaangushwa. Mara nne. Dot amenifukuza." Akalipiga bomba teke dogo. "Miaka thelathini na moja. Sijawahi kuinuka mpira ukichezwa. Nilikuwa na mawe kwenye figo, nikakaa. Leo wamenifukuza kama kuku aliyeingia jikoni."

Darren akajaribu kujizuia, wapi. Alicheka mpaka akaushika ukuta. Mzee akamtolea macho, mdomo ukamcheza, halafu naye akaanza, kile kicheko cha wazee kinachoanza na kikohozi.

"Lakini mzee, niseme ukweli?"

"Lini umewahi kuuacha?"

"Oakes ni bora. Ni bora leo, na alikuwa bora Septemba."

"Najua!" Mzee alipiga kelele mpaka muuza kakao akageuka. "Unadhani mimi kipofu? Brandt amekwisha. Nimemwona anakwisha wiki baada ya wiki, nina macho."

"Sasa jua lilitoka wapi?"

Mzee Walt akapangusa theluji kwenye fulana ya Brandt. "Mechi ya kwanza ya Brandt nilikaa na Len. Mvua, matope, tulishindwa vibaya, tukaimba mpaka nyumbani. Brandt akiondoka, hakuna aliyebaki mle uwanjani ambaye mimi na Len tulimwona akianza. Ndiyo hivyo tu. Si mkono wake."

 Darren akafungua zipu apate hewa, na fulana ya Oakes ikajitokeza. Mzee akaiona.

"Umekaa na hiyo siku nzima?"

"Colleen alinifungia."

"Craig wiki iliyopita aliniambia Brandt ana miaka mitano. Nikamtazama usoni. Nikajiambia, huyu anayenidanganya kuhusu mrushaji, hata siku nyumba yangu inaungua atasema ni harufu ya keki."

Uwanja ukanyamaza.

Wote wawili wakaganda. Mpira ni wetu. Kelele kidogo, kimya tena. Wanasogea. "Sekunde tisa," muuza kakao akasema kwa sauti ndogo, macho kwenye runinga. Mzee Walt akapiga hatua moja kuelekea mwanga.

"Mzee, hapana."

"Nachungulia tu. Jicho moja."

"Hata nusu! Wametutoa wote wawili!"

Akapiga hatua ya pili. Darren akamdaka koti kwa nyuma, mikono miwili, kama anavyomdaka mwenzake anayeteleza juu ya paa. Wakavutana pale, mkwe na baba mkwe, mmoja anavuta, mmoja anachomoka, na huko nje watu elfu sitini hawapumui.

Ilikuja kwanza kwenye miguu. Saruji ilinguruma, halafu kelele ikaingia kijiani kama maji ya bomba lililopasuka. Mzee aligeuka, akamkamata Darren masikio, akambusu paji la uso. Muuza kakao alikuwa anamwaga kakao hewani. Watu wakaanza kumiminika wakilia, wakikumbatiana na wasiowajua.

"Imekuwaje?" mzee akamkaba mmoja wao. "Kautupa?"

"Kakimbia nao mwenyewe! Kawaruka wawili!"

"Mmoja," mwingine akasema. "Wa pili alianguka."

Pointi sita, na muda ukawa umekwisha, teke halikuhitajika: ishirini na tatu kwa ishirini. Walipopanda safu ya ishirini na mbili, Dot aliwarukia wote wawili kwa mpigo, kengele ikampiga Darren kwenye meno. Kila mtu akawasimulia, na kila mtu kivyake: Otis aliona Oakes kaenda kushoto, Dot aliapa kwa marehemu mumewe ni kulia. Hata ushindi wenyewe wakaugombania.

"Haki ya Mungu," Dot akasema, "hawa wawili kuanzia leo, robo ya nne ikifika, nje."

"Wote wawili," Otis akaunga mkono. "Tupige kura."

Mikono ikainuka safu nzima. Mzee Walt hakubisha. Alikuwa ameshatoa simu, anavua glavu kwa meno, anampigia Len.

"Len! Umeona? ... Mimi? Mimi sikuona. ... Nilikuwa kwenye kijia, wamenifukuza. ... Sijalewa! Nilikuwa na Darren. ... Ndiyo, huyo huyo mwenye mdomo. Kiti chako nimempa." Akasikiliza, akamgeukia mkwewe. "Anauliza wewe ni mtu wa nani, Brandt au Oakes."

Safu nzima ikanyamaza kama mpira ni wetu.

"Oakes," Darren akasema.

Mzee akairudia kwenye simu, kisha akaisogeza mbali na sikio. Kutoka Arizona yakaanza kutiririka matusi ya Kipolandi, marefu, ya kizamani, na watu wa safu ya ishirini na mbili wakainama wote karibu na ile simu kuyasikia vizuri.