Giza la Mwenzangu

Siku Ella alipopewa ukuu wa kitengo cha Tehama pale manispaa, mama yake alipita kwangu na sahani ya keki iliyofunikwa kitambaa. Niliila yote, kisha nikamwambia ilizidi sukari.

Mama Ella ni mwenzangu, maana mume wetu ni mmoja, mzee Mwinshehe, mwenye chombo cha kuvulia dagaa hapo ufukweni Katonga. Mimi ndiye mkubwa. Yeye jina lake la kwao ni Vénérande. Alivuka ziwa kutoka Burundi akiwa mtoto, na wale wakimbizi wa kwanza, akakulia hapa hapa. Mwinshehe akamwona, mimi sikuulizwa. Binti yao alipozaliwa, baba alimwita Zaituni, mama akamwita Ella. Likashinda Ella, nami nikajua kuanzia siku ile ni nani anasikilizwa katika nyumba hii.

Mimi nina Dunia wangu. Anatengeneza simu karibu na stesheni, chini ya mwavuli, na hakuna simu iliyomshinda katika mji huu. Tangu zamani nilishatangaza kwa kila mtu kwamba mtaalamu wa mitambo katika ukoo wetu ni mwanangu. Sasa wanakuja kumchukua Ella, ambaye simu yake ikizima anamletea Dunia.

Halafu mimi mtu wa kompyuta wa manispaa nilimjua, Bwana Anatoli. Alitembea na bisibisi mfukoni. Printa ikimeza karatasi anaitwa, anaitapisha, anapewa soda, anarudi kwenye chumba chake kando ya stoo. Hiyo ndiyo kazi. Ella alipoingia hakushika bisibisi hata siku moja. Akawa anakaa meza moja na wakuu wa idara, na Mkurugenzi akitaka kubadili jambo anauliza kwanza Ella anasemaje. Nikamwambia mwenzangu kwamba mwanawe analipwa kwa kukaa vikaoni. Akasema ndiyo, tena kwenye kiyoyozi.

Mwaka huo Warundi walikimbia tena, wengi. Meli ilikuwa inawashusha bandarini na vifurushi vyao na watoto, wanapumzishwa, wanapandishwa mabasi kwenda kambini. Mji ulijaa nyuso ngeni, na Katonga kila mtu akaanza kudai meza fulani ya samaki ni yake tangu enzi za babu yake. Soko jipya la samaki lilikuwa limekwisha kujengwa, lina paa, maji ya bomba na meza za saruji. Wakubwa wakaamua kizimba kimoja, yaani meza moja, jina moja, na jina liingie kwenye kompyuta. Mlangoni asimame mlinzi na kidude cha kusomea kadi. Na kidude hicho, kila mtu alijua, ni cha Ella.

Nyumba yetu ina kizimba kimoja. Hapo ndipo shida ilipoanza, na mtu asiyekaa na wavuvi wa dagaa hatanielewa nisipomweleza. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Mwezi ukiwa mpana vyombo vinapandishwa mchangani, watu wanashona nyavu. Mwezi ukififia, giza jipya limeanza. Mwinshehe aligawa magiza yake kama alivyogawa siku zake: giza hili samaki ni wa Mama Dunia, giza lijalo ni wa Mama Ella. Nyumba nyingi za Katonga ziko hivyo, wake wenza, mtu na wifi yake, shoga na shoga yake. Mwenye giza ndiye anayekaa mezani. Halikuwahi kuandikwa popote, na hatukuwahi kuligombania. Kununiana, hilo lilikuwepo.

Tulimwomba Mwinshehe achague jina. Akasema mgongo unamuuma, akageukia ukutani.

Mimi nilishajua litaandikwa la nani. Mtoto ndiye mkuu, mama ndiye mama wa mkuu. Nilijiona na uzee wangu huu nikipiga hodi kwa Vénérande kuomba pembe ya meza. Kwa hiyo siku ya kujiandikisha nilitoka wakati mwenzangu bado anafagia uwanja. Nilimwambia naenda kumtazama mgonjwa.

Uandikishaji ulikuwa kwenye darasa la shule. Ella mwenyewe alikuwa nyuma ya meza, pamoja na karani wake Martini. Akainuka.

"Shikamoo, mama mkubwa."

Nikaitikia marahaba kama mgeni rasmi, nikataja jina langu na la baba yangu na la babu yangu. Akaandika, kisha mkono ukasimama.

"Na mama? Giza linalokuja ni lake."

"Kompyuta yako ina nafasi ya majina mangapi?"

"Moja."

"Basi usiichoshe, mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Njia nzima nilikuwa nachagua maneno, mengine mabaya sana, ya kumkumbusha mama yake alikotoka. Hakunipa nafasi. Alibonyeza, Martini akanipa kadi yangu, wakaita mtu mwingine. Niliondoka nimeudhika kidogo, maneno mazuri kama yale kupotea bure.

Giza likaingia, la Mama Ella. Asubuhi soko lilipofunguliwa nilivaa kitenge kipya. Kadi yangu ikasomwa, kidude kikalia, mlinzi akasema karibu mama. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu na beseni lake kichwani. Mlinzi akatafuta jina lake, akatafuta tena, akamwambia asogee pembeni. Mtu mmoja kwenye foleni akauliza kama huyo si mama wa bosi. Mlinzi akasema kidude hakina mama.

Vénérande alizunguka nje ya uzio, akatandika turubai juani, karibu na wanawake wakimbizi waliokuwa wanasubiri basi. Nikamsikia anawasalimia kwa Kirundi.

Mimi nikakaa mezani. Nikaweka kopo la kupimia kulia, nikaona halijakaa vizuri, nikaliweka kushoto. Chombo chetu kikafika. Nahodha wa Mwinshehe, Selestini, akapita mbele yangu na ndoo begani, akaniamkia vizuri kabisa, akaendelea moja kwa moja mpaka nje ya uzio. Nikamwita arudi. Nikamwonyesha kadi.

"Kadi nimeiona, mama," akasema. "Giza si lako."

Akaenda kumwaga dagaa kwenye turubai la mwenzangu.

Nilikuwa na meza, sina samaki. Yeye ana samaki, hana meza. Na wateja, unawajua, hawanunui saruji. Mama lishe wote wa mtaa wa Rusimbi wakanipita wakikimbilia nje. Nikamwona anavyopima, jasho linamtiririka, anacheka, anamwongeza huyu, anamtania yule, nami nikamwonea wivu mpaka lile jua lililomchoma.

Nilipogeuka kutafuta mtu wa kumlalamikia, nikaona sikuwa peke yangu. Meza nyingi zilikuwa na mwanamke mmoja aliyevaa vizuri, kadi mkononi, hana hata mkia wa dagaa. Eufrasia, aliyemwahi wifi yake, alikuwa anajipepea na kadi. Kumbe wengi tuliamka mapema.

Mchana wakaja wakubwa kutazama soko lao. Ndani kweupe, nje ya uzio hakupitiki. Bwana Pastory, mkuu wa biashara, akamgeukia Ella mbele yetu sote. Akasema mfumo wake umeua soko, na kama kompyuta ndiyo hii, bora Ella apewe bisibisi ya Anatoli akakae kando ya stoo.

Wakati wowote mwingine ningepiga vigelegele. Ella alichukua ndoo tupu, akaigeuza, akakaa mbele ya meza yangu.

"Mama mkubwa, waeleze hawa wazee habari ya giza. Niliwaambia kikaoni, wakasema hayo ni mambo ya nyumbani."

Nikainama nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini aliandika jina langu.

"Ningeandika la mama, nani angeamini majina mengine yote?" akasema. "Na wewe uliwahi."

Bwana Pastory akakosa subira. "Mama, tujibu. Kizimba hiki ni chako?"

Neno lilikuwa moja tu. Ningesema ni changu, Ella angeishia kando ya stoo, na mama yake angebaki juani. Nililionja, lilikuwa tamu. Kisha nikatazama nje. Watu wangemhurumia Vénérande. Wangemletea maji, wangemletea mwavuli, wangesema masikini Mama Ella na mwanawe wameonewa. Dagaa wake nilikuwa nimewavumilia asubuhi nzima. Huruma ya mji mzima nisingeiweza.

"Ni changu giza langu," nikasema. "Giza hili ni lake. Jina moja halitutoshi."

Nikawaeleza yote. Eufrasia naye akasimama, akaeleza ya kwake, na wengine wakafuata, wakubwa wakawa hawajui wamtazame nani. Ella alikuwa anaandika. Akamwambia Bwana Pastory kwamba kila kizimba kitaandikwa zamu zake, na zamu zitatajwa na wenye vyombo, si ofisi. Pastory akauliza kama kompyuta inaujua mwezi.

"Haiujui," Ella akasema. "Wanaujua hawa. Nitakuwa nakuja kuwauliza."

Jina la mama yake liliingizwa pale pale. Niliomba langu liwe juu, nikakubaliwa kwa sababu ya ukubwa. Vénérande akaingia na beseni lake, nikampisha polepole sana, kama mtu mwenye mgongo wa Mwinshehe.

Mkurugenzi, aliyekuwa amefuatana nao, akamtazama Ella akienda kwenye meza ya Eufrasia na daftari lake. Akauliza huyu binti ni wa nani.

"Wangu," nikasema, kabla mwenzangu hajatua beseni.

Vénérande akaanza kumwaga dagaa mezani. Hakuinua hata kichwa.

"Ego, ndiyo, mchukue. Nipe Dunia, simu yangu haishiki chaji."

Nikamwambia Dunia simtoi.