Jani la Kahawa la Kaswera

Mwaka ule wa 2001, barabara ya kutoka Beni hadi Butembo ilikuwa inafungwa na kufunguliwa bila mtu kujua sababu. Kaswera aliifuata siku moja ilipokuwa wazi. Alitoka Kalunguta kwa miguu na watoto wawili, godoro, na jembe lisilo na mpini, akapata chumba nyuma ya nyumba yetu mjini Butembo. Mimi, Eliane, ndiye niliyemvuta kwenda darasani, na hadi leo najisifu kwa hilo.

Darasa lenyewe lilianza kwa katoni. Manassé, mfanyabiashara wa mtaa wetu aliyezoea kuleta vitenge na vipuri vya pikipiki kutoka Asia, alirudi safari moja na pakiti za udongo wa kijivu, kila moja ndogo kama kipande cha sabuni. Kule alikonunua walimwambia ni udongo wa feza, ile fedha nyeupe ya mapambo. Unaufinyanga kama wa chungu, unaukausha, unauchoma, na kinachobaki ni feza tupu ya kuvaa shingoni. Maelezo yalikuwa kwa Kijapani. Manassé aliyageuzageuza, akachoka, akampelekea Madame Yolande, mwalimu wa kuchora aliyetumwa kwetu kutoka Kananga kabla ya vita na ambaye njia ya kurudi kwao ilikuwa imekatika. Yolande alifuata picha tu. Aliomba ukumbi wa kanisa, akatuita wanawake wanane.

"Kila mutu alete kitu ya shamba," alituambia. "Jani, mbegu, ata ganda ya muti. Feza itabeba sura yake."

Mimi nilileta ua la marakuja, yaani pasheni. Kaswera alileta kitawi cha kahawa, jani moja na punje mbili mbichi. Alikikata kwa jirani baada ya kuomba ruhusa mara tatu, kwa sababu kwao alikuwa na miti mia mbili na hakuwa amezoea kuomba kahawa ya mtu.

Tulipaka mafuta kidogo viganjani ili udongo usishike, tukausukuma kwa chupa mpaka ukawa mwembamba kama chapati, kisha tukalikandamiza jani juu yake. Ukilibandua, unaona mishipa yote imebaki pale, hata ile midogo usiyoiona kwa macho jani likiwa mtini. Tulipiga kelele kama watoto. Kaswera alikuwa ameinama juu ya udongo wake. Alikata ukingo kwa wembe, akaviringisha punje mbili za udongo kati ya vidole, akazigandisha kwenye kikonyo kwa tone la maji.

Taabu ilikuja kwenye moto.

Yolande aliwasha mbabula, jiko letu la makaa, akaweka waya juu, akapanga vipande vya wenzetu watatu. Alivitoa mapema. Vilipoguswa vilivunjika kama biskuti. Siku ya pili akapepea kwa nguvu zaidi, na ua langu la marakuja likajikunja, likang'aa mara moja, likawa tone la mviringo kama haragwe. Nililia. Yolande naye aligeuka upande wa dirisha akafuta macho, akidhani hatumwoni.

Manassé alipita saa tisa kuangalia. Alishika lile tone langu, akatikisa kichwa.

"Madame, mali inaharibika. Kesho nitakuja kubeba ile imebakia."

"Papa Manassé, tupe siku moja tena," Yolande alisema.

"Ya nini? Hii ni kazi ya bamashini. Sisi hatuna mashini."

Hapo ndipo Kaswera alisimama. Alikuwa na sauti ndogo, na wengine wetu hatukuwa tumeisikia hata mara moja darasani.

"Mashini hapana. Ni moto ndiyo inakosewa," alisema. "Munaangalia moto mu mwangaza. Mu mwangaza moto inadanganya."

Yolande akamwuliza, "Wewe unajua moto, Mama Kaswera?"

"Baba yangu alikuwa fundi wa byuma. Alikuwa anatengeneza bajembe na bampanga. Miye ndiye nilikuwa navukuta, tangu na myaka saba mpaka siku ya kuolewa."

Manassé alicheka kidogo, si kwa ubaya. "Jembe na feza ni kitu moja?"

"Jembe iko chuma, hii iko feza, lakini moto ni ile moja," Kaswera alijibu. "Mufunge madirisha."

Tuliyafunga yote, na mlango pia. Ukumbi ukawa giza mchana kweupe. Kaswera alipiga magoti mbele ya mbabula, akayapanga makaa upya kwa mikono, makubwa chini na madogo pembeni, akaliweka jani lake katikati. Alipepea kwa kifuniko cha sufuria, taratibu, mkono mmoja, kama mtu anayefukuza nzi juu ya mtoto aliyelala. Moshi ukatoka kwenye jani, kisha mwali mdogo, ukazimika. Mmoja wetu, Mama Rébecca, ambaye siku zote alikuwa wa kwanza kukata tamaa, akanong'ona kwamba linaungua.

"Bado," Kaswera alisema.

Jani likawa jekundu kama damu ya kuku. Yolande alinyoosha koleo.

"Bado, Madame. Hii nyekundu ingali na bubichi. Tungojee rangi ya papai."

Rangi ilibadilika polepole, mbele yetu sote, mpaka ikawa kama papai lililoiva. Kaswera akapunguza kupepea lakini hakuacha, akaanza kuimba wimbo wa kanisani, beti zote nne. Tulidhani anaomba. Kumbe alikuwa anapima muda. Kila jani lilipotaka kung'aa kupita kiasi, aliinua kifuniko, mkono ukatulia. Rangi iliporudi nyuma, akapepea tena. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Mwishoni mwa ubeti wa nne alishika koleo mwenyewe, akalitoa.

Lilikuwa jeupe kama chokaa, na dogo kuliko tulivyolitengeneza. Manassé akafungua mlango ili aone. Kaswera akalisugua kwa brashi ya waya, kisha kwa mgongo wa kijiko, akisugua upande mmoja tu, bila haraka. Mng'ao ukatoka chini ya ule weupe. Mishipa ya jani ilikuwepo yote. Punje mbili zilikaa kwenye kikonyo kana kwamba zinangoja mvunaji.

Yolande alilishika kwa mikono miwili. "Wasingya," alimshukuru kwa Kinande, yeye mtu wa Kananga ambaye miaka minne hakuwa amethubutu kusema hata neno moja la lugha yetu mbele za watu.

Manassé aliliangusha kwenye meza mara tatu. Halikuvunjika. Uso wake ulibadilika, akaanza kuongea haraka.

"Hii tutaiweka mu vitrine yangu. Tutasema imetoka Japon. Batu ba hapa banapenda kitu ya mbali."

"Hapana," Kaswera alisema.

"Mama, sikia..."

"Hapana, Papa. Haikutoka kule. Imetoka Kalunguta."

Alisema hivyo akimtazama usoni. Manassé aliligeuza jani mkononi. Mwishoni alicheka, safari hii kwa heshima, akamsukumia Kaswera katoni ya udongo kwa mguu. "Basi tutaandika Kalunguta." Na ndivyo kadi ya vitrine, kabati la kioo la dukani kwake, ilivyoandikwa, kwa mkono wa Yolande: *Kaswera, Kalunguta*. Wiki nzima watu walisimama kuisoma, na wengi wao walikuwa wakimbizi wa upande ule.

Barabara ilipofunguliwa tena, kanisa la mtaa wa Bungulu lilimwita Yolande aende Beni kufundisha. Alikubali kwa sharti moja, kwamba tuende watatu, yeye, Kaswera na mimi. Kwenye kizuizi askari alipekua mfuko wetu.

"Mama, ni nini hii?"

"Udongo," Kaswera alijibu.

Askari aliminya pakiti, akamwangalia kama mtu aliyechanganyikiwa na vita, akatuacha tupite.

Bungulu kulikuwa na wanawake kumi na wawili kwenye mabenchi, na majani yao mapajani. Yolande alifundisha kufinyanga. Siku ya moto ilipofika, alivua aproni yake, akaifunga kiunoni mwa Kaswera, akaenda kuketi kwenye benchi la nyuma na daftari lake kama mwanafunzi.

"Leo mwalimu ni yeye," alisema.

Kaswera alisimama mbele yetu, akayatazama mabenchi. Kisha mabega yake yakashuka, shingo ikanyooka, na sauti iliyotoka ilifika hadi ukuta wa mwisho.

"Bamama, musogee karibu," alisema. "Na mutu moja afunge madirisha."