Mkato wa Mama Rahab

Waithira, aliyekuja dukani kuchukua uzi, alisema Boaz amemuuza Mama Rahab mchana kweupe. Kwa maelezo yake, kijana yule alikwenda Makina na disketi mfukoni, akawamwagia mafundi wa huko siri ya rinda ambalo wanawake wa Riruta hulifuata hadi Kawangware, na jina la mama wa watu likatokea kwenye kioo cha kompyuta, kubwa kama bango la sinema.

"Na mimi si mtu wa kuongeza chumvi," alimaliza, akachukua uzi wake mweusi, akaenda zake.

Nasipwondi hakuinua uso kwenye cherehani, ila alimwona Mama Rahab kwa pembeni. Mkasi ulikuwa umepunguza mwendo. Mama Rahab ndiye aliyemfundisha kazi, na ndiye aliyemruhusu Boaz, mchumba wa Nasipwondi, kuutia mkato wa rinda lile kwenye kompyuta ya duka, ili karatasi ya kukatia itoke kwenye printa. Sharti lilikuwa moja: mkato usitoke hapa.

"Huyo wako aje anieleze," mama alisema.

Boaz alifika na vumbi hadi magotini.

"Mama, haki ya Mungu, sijawapa. Programu ina vipande viwili. Cha kuchora mistari ni cha bure. Watu wa mbali walikiandika wakakiacha wazi, na ukimpa mwenzako, naye unamwachia aone ndani. Hicho ndicho nilimwahidi fundi Amolo wa Makina. Kipande cha pili ni mkato wako, na niliufuta kwenye disketi. Nikajaribu hapa, ikakubali. Kule ikakataa, ikaandika: mkato wa Rahab haupatikani."

"Kwa hivyo jina langu lilitoka kweli!"

"Jina tu, mama. Rinda halikutoka."

"Na hapa ilikubali aje?" Nasipwondi aliuliza.

Boaz akafungua mdomo, akaufunga, akajipiga paji la uso. "Iliuokota humu humu ndani ya mashine! Mimi ni mjinga, Nasi."

"Kidogo tu," akasema, akamsogezea kikombe cha chai.

Tangu hapo Boaz alifanya kazi upya, na Nasipwondi akawa anamtazama huku akipinda mapindo. Kipande cha bure kiliwekwa peke yake, kikapewa rinda la kawaida, lile la kujifunzia, na kikakatazwa kumtaja Rahab popote. Mkato wa mama ukapata mahali pake. Wenyewe ndio ungekwenda kuomba mistari kwa cha bure. Cha bure kisiombe kitu kwake kamwe. Kabla ya kila jaribio Boaz aliufuta kwenye mashine na kumkabidhi mama disketi yenye mkato. Mama akaitia kifuani.

"Sasa iokote hapa," akaiambia kompyuta.

Siku ya kurudi Makina mama alijifunga kitambaa kichwani, akatangulia njia. Fundi Amolo, mrefu mpaka anainama mlangoni mwake mwenyewe, aliwapa viti. Boaz akatia disketi. Mashine ikanguruma, ikanyamaza. Kisha printa ikaanza kukwaruza, na rinda la kawaida likatoka taratibu, mabega kwanza.

Mama Rahab aliinamia kioo, akakikagua juu hadi chini.

"Simo?"

"Hakuna jina lako popote, mama."

Akacheka, mara ya kwanza tangu maneno ya Waithira, akamshika Boaz sikio, akalivuta kama la mwanawe. Nasipwondi akageuka ukutani kuficha tabasamu.

Amolo alikuwa amewapa wasichana wake wa kazi ile karatasi. Walishaiinamia wote, wanaifuata mistari kwa vidole.

"Hili litatusaidia sana," alisema. "Lakini mama, usikasirike nikikuomba. Hawa wanaota lile lako. Siku moja utauacha wazi na huo mkato, kama hao watu wa mbali?"

Mama Rahab aliweka mkono kifuani, pale ilipokuwa disketi. Akawatazama wale wasichana. Akaokota chaki mezani, akaigeuzageuza vidoleni, na Nasipwondi, aliyeijua mikono ile kuliko mtu yeyote, akaikazia macho aone kama itachora au itairudisha chaki mezani.