Sifuri Tatu za Khoiriyah

...na sasa wanataka asimulie, kana kwamba Mbah Sutirah, bibi wa watu, ni redio, unabonyeza inaimba, mtu amekaa zake kwenye kigoda tangu alfajiri anamenya vitunguu vya harusi ya watu, macho yanawasha, kiuno kimekufa ganzi, bado wanataka na mdomo nao ufanye kazi, na anayetaka si mwingine, ni Painem, jirani yake wa sokoni wa miaka thelathini, mwanamke ambaye hajawahi kukiona kimya akakiacha kipite, "Dada Sutirah, hebu wasimulie hawa ulivyoyapata yale mavazi ya sala, maana mimi nikisimulia wananiambia nimetia chumvi," na wanawake wote waliouzunguka mlima wa vitunguu wameinua nyuso, visu mkononi, saba au wanane, wanangoja, na yeye hana la kusimulia, yamepatikana kama vinavyopatikana vitu vyote siku hizi, kwa simu, kwa kidole cha Lastri, kisu kiko katikati ya kitunguu, acha kwanza kitunguu kiishe... Lastri, mke wa mwanawe wa mwisho, alikuwa amelala kifudifudi mkekani jioni ile ya mvua, anapekua maduka ya kwenye simu kama kuku jalalani, akasema, "Mama, tazama mukena hii ya kusalia, tarizi mpaka kwenye pindo, mia na themanini na tano," naye alikuwa anakunja nguo, akajibu bila kugeuka, "Ghali, mwambie mwenye nayo asalie mwenyewe," kwa sababu alisikia laki na elfu themanini na tano, kama ambavyo kila mtu hapa angesikia, nani hutaja elfu, ukiuliza pilipili sokoni unaambiwa arobaini na unatoa elfu arobaini, hata yeye miaka yote aliyouza tempe, ile mikate ya soya, kibao chake kiliandikwa tano kwa chaki, tano tu, na hakutokea mwehu wa kumtupia rupia tano, sifuri tatu kila mtu huja nazo kichwani kutoka kwao, "Hapana, Mama," Lastri akasema, na sauti ikamshuka kama ya mtu aliyeona hela chini na anaogopa wengine wasione, "si laki, ni mia. Mia na themanini na tano kavu. Nimebonyeza, imekubali, na kusafirisha ni bure"... hapo ndipo alipogeuka. Afadhali asingegeuka. Angeendelea kukunja nguo zake. "Vitunguu vya mchuzi bado?" mwenye harusi anapaza sauti kutoka kwenye moshi wa jikoni, na Painem anamjibu, "Vinakuja, vinakuja, Mbah anatafuta mwanzo wa hadithi," wakacheka, na wacheke, mwanzo wala haujapotea, mwanzo ni kwamba Lastri aliuliza. Mtoto wa watu aliuliza. Alisema, "Au mwenye duka amekosea, Mama? Tumwandikie tumuulize?" na yeye, mwanamke mzima, mjukuu wa tano yuko njiani, akajibu, "Aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Chukua kumi na mbili," hakusema tatu, hakusema mbili, kumi na mbili, wanawake kumi na mmoja wa kisomo cha Alhamisi na yeye mwenyewe wa kumi na mbili, maana aliwaza papo hapo kwamba zawadi ikigawiwa haiitwi tamaa, ona akili ya mtu inavyokimbia upesi ikiwa inakimbilia shimoni, na jumla ya zote, rupia elfu mbili mia mbili na ishirini, vipande viwili vya tempe ya kukaanga na chenji isiyopata hata pipi, mwenye bodaboda alipoleta kifurushi alikilaza kizingitini kwa mikono miwili, kilikuwa kizito hivyo... "alinigawia la kwangu mbele ya watu wote," Painem anawaeleza wengine, amechoka kungoja, "nikamwambia Dada, hili si chini ya laki mbili, akaniambia vaa unyamaze," na hiyo ni kweli, alimwambia vaa unyamaze, Painem akavaa, kunyamaza ndiko hakukuwezekana, na Alhamisi ile walipojipanga kwenye mikeka, kumi na wawili, weupe kama mchele uliopepetwa, ustadhi mwenyewe alisema, "Mashaallah, kina mama wa mwaka huu," na yeye aliinama kwenye sijda na tarizi ikamgusa kipaji cha uso, mpya, bado inanuka cherehani, akasoma alichosoma, na hakusikia lolote, si vibaya si vizuri, hiyo ndiyo kweli, hakuumia hata kidogo, kwa sababu duka la kwenye simu ni la nani, ni la matajiri wa Jakarta wa ghorofa ya thelathini, watu wanaokula wali kwa uma, wakikosa themanini wanapata mia nane kwingine, na bei wameiandika wao, yeye hakuwashika mkono, sokoni mtu akitaja bei na mwingine akasema nimechukua, imekwisha, hiyo ndiyo sheria, ingawa... ingawa sokoni mtu akitaja bei ya kichaa, mwenzake humtazama usoni kwanza, humuuliza, "Wee, umelala?" na hiyo nayo ni sheria, tena ndiyo ya zamani zaidi, na kwenye simu hakuna uso wa kuutazama, mpaka juzi ilipokuja sauti. Sauti ndiyo ilileta haya yote. Kama angeandika, Lastri angesoma kimyakimya akafuta na mambo yangeisha, lakini mwenye duka alirekodi, na Lastri akabonyeza huku simu iko wazi na wote wawili wako jikoni, "Assalamu alaikum, Mama, samahani kukusumbua, naitwa Khoiriyah, mimi ndiye mwenye duka. Duka lenyewe ni chumba chetu cha mbele, cherehani tatu. Niliipandisha ile mukena huku nanyonyesha, nikaandika mia na themanini na tano kama tunavyosema, mashine haikuniuliza elfu iko wapi. Mama yangu ndiye anayefunga mizigo, yeye hufunga tu, bei haangalii. Zimetoka themanini na saba kabla sijajua. Kosa ni langu, simlaumu mtu, nawatafuta wote mmoja mmoja. Kama hujaivaa nirudishie, kusafirisha nitalipa mimi. Kama umeshaivaa, basi..." na hapo hakumaliza, nyuma yake cherehani ilikuwa inakwenda, trrr, inasimama, trrr, kuna mtu anashona anataka kufidia, kisha ikakatika. Basi nini. Siku ya tatu leo anajiuliza, akikoroga pumba za kuku, akitawadha, basi nini, basi uivae kwa heri, basi Mungu anakuona, basi unajua mwenyewe, afadhali angetukana, mtu akikutukana mmelipana, lakini yule amekuachia neno mkononi kama mtoto aliyeachiwa jirani na mama yake harudi... Lastri alisema, "Mama, tumfungie asitufikie tena. Kwenye kundi la simu kuna mtu kaagiza arobaini, anauza upya kwa laki na nusu. Sisi wa kumi na mbili ni malaika," na kwa mizani ya kundi hilo kweli ni malaika, akamjibu, "Wewe tulia," akaenda kulisha kuku, "lakini jueni," Painem anasema, na sasa ameweka kisu chini kabisa, kwa hiyo linakuja lile, anajua linakuja, miaka kumi na minane linakuja kila watu wakikusanyika, "jueni mnakaa na nani. Huyu ndiye yule wa noti nyekundu," na msichana mmoja wa upande wa bwana harusi, mgeni, anauliza, "Noti gani, Mbah?" na Painem amepata anachotaka, anaeleza, alfajiri, taa ya soko haijawashwa, mzee mmoja kanunua tempe, katoa noti akidhani ya elfu kumi, siku zile noti ya elfu kumi na ya laki zilikuwa zinafanana kama pacha gizani, kapewa chenji ya elfu kumi akaondoka zake, Dada Sutirah akaiangalia noti, laki, "basi akaacha biashara yake yote, akamkimbilia mpaka kituo cha basi, ndala ikakatika, akaendelea mguu peku, akamrudishia laki yake mkononi. Tangu siku ile mteja akibishana na mimi bei namwambia nenda kwa Sutirah, yule mizani yake haidanganyi," na wanawake wanaguna ile miguno ya kupenda, na msichana mgeni anamtazama kama mtu anavyotazama picha ukutani, na yeye anakikata kitunguu, anakikata kingine, na anaiona ile alfajiri, anaiona yote, si kama anavyoisimulia Painem, anaona alivyoikunjua ile noti chini ya meza, akaijua ni laki, akaikunja tena. Akaikunja. Akaiweka chini ya jani la mgomba. Mzee amekwisha pita kwa wauza samaki, mgongo wake unaonekana, haupo, unaonekana, na yeye amekaa, amekaa kabisa, anapanga tempe, kisha akainua macho na Painem alikuwa anamtazama kutoka meza ya pili, na nazi mkononi, hakusema neno, Painem huyu asiyenyamaza, siku hiyo alinyamaza, pengine hakuona chochote, pengine alikuwa anahesabu nazi zake tu, lakini ndipo yeye alipoinuka na kukimbia. Kumbe hivyo. Kumbe ndiyo hivyo, miaka kumi na minane anakula sifa ya mbio zile, na aliyemkimbiza ni macho ya Painem, na kwenye mkeka wa Lastri, na mvua ile, na mlango umefungwa, hakukuwa na Painem... ha. Afadhali kulijua ungali hai. Wala haumii sana, ni kama kung'oa jino lililokwisha kulegea, ulimi unapita mahali pale, pako wazi, basi. Halafu linakuja lile la kazi, la kufanya, maana kujua peke yake hakumlipi mtu, kurudisha haiwezekani, la Painem limeshamwagikiwa mchuzi wa fenesi, la mwingine limekatwa pindo, yote yamefuliwa, yamesujudiwa, humrudishii fundi nguo yenye jasho la watu kumi na wawili ukamwambia uza, kwa hiyo ni kulipa, na hesabu hiyo hahitaji Lastri wala simu, darasa la pili lilimtosha, laki na elfu themanini na tano mara kumi na mbili, kumi ni milioni moja na laki nane na nusu, mbili ni laki tatu na elfu sabini, milioni mbili, laki mbili na elfu ishirini, na nyumbani kwake kitu cha bei hiyo ni kimoja tu, dume la mbuzi kwenye banda la nyuma, mchuuzi wa mifugo amepita wiki iliyopita akasema, "Mbili na robo, Mbah, sasa hivi," na yeye naye akazijaza sifuri kichwani bila shida, akamfukuza, yule si wa kuuzwa, yule amelishwa majani ya mkono wake miaka miwili kwa Idi ya kuchinja, kwa jina la marehemu mumewe Wagiman, aliyekufa akisema mwakani, mwakani tutachinja wetu, kila mwaka mwakani, na jina limeshaandikwa na kamati ya msikiti, limo kwenye orodha, kwa hiyo hakuna njia ya kulipa kimyakimya, alikuwa anaitafuta hiyo, asijidanganye, ndiyo aliyokuwa anaitafuta tangu juzi, kutuma pesa kwa mlango wa nyuma na kubaki na noti yake nyekundu kwa mlango wa mbele, lakini mbuzi hafichiki, kijiji kizima kinamjua, watoto wanampungia mkono wakienda shule, watauliza Mbah mbuzi yuko wapi, kamati itauliza, na wa kwanza kuuliza atakuwa... "Sasa, Dada," Painem anasema, ameokota kisu chake tena, "la mavazi. Duka gani, bei gani, maana nina wakwe wawili na mimi nataka niwaagizie kabla hawajapandisha," na mlima wa vitunguu haujapungua hata robo, na moshi unawajia, na mwenye harusi anapaza sauti vitunguu jamani, na nyuso zile zile saba au nane zimeinuka zinangoja, na Mbah Sutirah anamenya, gamba linatoka jembamba, jekundu, anajua sasa atakachosema na kwamba atakisema kwa Painem, kwa uso huu huu, kitunguu hiki kikiisha, na kesho kutwa atampigia mchuuzi, mbili na robo, na elfu thelathini zitakazobaki ni za ada ya kutuma, na Idi ikifika kipaza sauti cha msikiti kitasoma majina ya wenye kuchinja, mmoja mmoja, na la Wagiman halitakuwemo.