Paa la Kanisa la Ghorofa ya Nne

Saa tatu na robo asubuhi, siku ya Jumanne, Theresa Wojnar alijiandikisha kwenye daftari la wageni la shirika la hisani la kulinda malikale za dunia, mtaa wa Walnut, Philadelphia, akapewa beji, kalamu na mwavuli. Alikuwa amevaa suti ya kijivu aliyoinunua kwa ajili ya mazishi ya mama mkwe wake. Mkobani mlikuwa na nakala tatu za wasifu wake na sandwichi ya mayai aliyofungiwa na mumewe.

"Mwavuli wa nini?" aliuliza. Nje jua la Mei lilikuwa linawaka.

"Wa usaili, mama," alisema Janelle, binti wa mapokezi. "Unafanyika ghorofa ya nne. Ukishuka unirudishie, imebaki saba tu."

Theresa akauchukua. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na miaka ishirini na miwili kati ya hiyo aliitumia kuwa mhasibu wa hospitali ya watawa huko Port Richmond, mpaka ilipofungwa. Tangu hapo alikuwa amesailiwa mara kumi na moja, na mara zote aliambiwa kwa upole kwamba ana uzoefu mwingi mno. Mumewe, Ray, alikuwa fundi wa mapaa hadi ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulipomwondoa kwenye ngazi. Kila mwezi alitundikiwa dripu ya dawa ambayo bei yake ingeweza kununua gari zuri, na bima iliyokuwa inalipia dripu hiyo ilikuwa inakwisha tarehe thelathini ya Juni. Kwa hiyo Theresa hakuwa mtu wa kubishana na mwavuli.

Kwenye korido ya ghorofa ya nne alikutana na kijana mwenye tai ya hariri akitoka, nywele zimemlowa chapachapa.

"Wanauliza kuhusu paa," kijana alimwambia, akikamua tai yake kwenye chungu cha maua. "Mimi nimewaambia ni changamoto ya mawasiliano. Sidhani kama wamependa."

Mlango wa chumba cha mikutano ulikuwa wa kioo. Nyuma yake, hatua moja tu, kulikuwa na mlango mwingine, wa mawe, mfupi, uliomlazimu mtu kuinama. Theresa akainama, akaingia ndani ya kanisa.

Lilikuwa kanisa dogo la miaka mia tisa, kutoka kijiji cha milimani kiitwacho Tsvirani, nchini Georgia. Si Georgia ya huku kusini mwa Marekani, ile nyingine, jambo ambalo Janelle alikuwa amechoka kuwaeleza watu kwenye simu. Shirika lilikuwa limelilinda kwa miaka tisa. Mwezi wa pili paa lake liliporomoka, na kwa kuwa halikuwa na mahali pengine pa kwenda, kanisa likaja kwa walinzi wake. Lilifika wikendi, bila kuvunja hata kioo kimoja. Jumatatu wafanyakazi walilikuta limetulia katika chumba cha mikutano, na kwa sababu ukumbi mwingine ulikuwa umekodishwa kwa wanasheria, meza ya mikutano ikawekwa mbele ya altare. Dari ya jengo huko juu ilikuwa nzima kabisa. Lakini kwenye tundu la paa la kanisa ilionekana anga ya Tsvirani, na huko siku hiyo mvua ilikuwa inanyesha.

Wasaili walikuwa wawili, kila mmoja chini ya mwavuli wake. Mkurugenzi, Bwana Whitney Ashcombe, alikuwa mwembamba na mpole wa sauti. Mwenyekiti wa bodi, Bwana Prescott Lyle, benki alikokuwa akifanya kazi walimstaafisha, lakini yeye hakustaafu. Ukutani, kwenye kigoda, alikaa mama mmoja mwenye kitambaa cheusi kichwani na ufunguo mkubwa mapajani. Huyo alikuwa Manana, mtunza kanisa. Alikuja nalo. Hakuna usaili ulioweza kuanza mpaka afungue.

"Bi. Wojnar," alisema Bwana Ashcombe, "miaka mitano ijayo unajiona wapi?"

"Mahali pakavu," alisema Theresa.

Bwana Lyle aliliandika jibu hilo kwenye karatasi iliyovikwa plastiki.

Kisha wakampa jalada, wakamwomba alisome kwa dakika ishirini na kusema anachokiona. Theresa alilisoma kama alivyokuwa akisoma majalada ya watawa, kidole kikitembea pembezoni mwa ukurasa, mwavuli umebanwa shingoni. Alipomaliza alilifunga na kulifuta maji kwa kiganja.

"Paa hili limekamilika mara tisa," alisema. "Kila mwaka taarifa inasema limekamilika. Kuna kongamano lililofanyika Lisbon kuhusu paa. Kuna filamu kuhusu paa. Kuna mshauri mwelekezi aliyelipwa kuwauliza wanakijiji wanajisikiaje kuhusu paa. Sioni kigae hata kimoja. Hakuna mtu aliyewahi kupanda huko juu."

"Mimi nilipanda," alisema Manana kutoka ukutani. "Na turubai."

"Isipokuwa huyu mama," Theresa alisahihisha.

Bwana Ashcombe alimtazama Bwana Lyle, na Bwana Lyle akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Waombaji wanne wamepita hapa," alisema Bwana Lyle. "Wewe ndiwe wa kwanza kuliona."

"Na taarifa ya mwaka huu ungeiandikaje?" aliuliza Bwana Ashcombe.

"Ningeandika paa halijakarabatiwa. Halafu ningenunua vigae."

"Vizuri sana," alisema mkurugenzi, na alionekana kumaanisha. "Unajua, nafasi hii inahitaji mtu anayejua ukweli ulipo, asije akaukanyaga kwa bahati mbaya. Wale watatu waliotangulia kwenye kazi hii walikuwa wanaukanyaga kila wiki."

Theresa akarudisha mwavuli kwa Janelle, akala sandwichi yake kwenye benchi la kituo cha basi, viatu vyake vikifuka mvuke juani.

Jioni Ray alikuwa jikoni akimenya viazi. Mikono ilikuwa inamtetemeka, kwa hiyo viazi vilikuwa vinatoka vimekonda kuliko inavyostahili, na soseji zilikuwa zinaungua. Theresa akapunguza moto.

"Tundu kubwa kiasi gani?" aliuliza Ray, baada ya kusimuliwa.

"Kama meza hii mara tatu."

"Boriti?"

"Moja imekatika. Nyingine mbili zinaonekana nzima."

Ray alifumba macho, akalijenga lile paa kichwani. "Mimi na Stan, wiki mbili," alisema. "Tatu, kama huyo mama atatupikia chai kila saa. Siyo kazi ya kufanyia kongamano, Terri."

"Nimewaambia."

"Basi hawakuchukui."

Alhamisi wakapiga simu kumchukua. Mshahara ulikuwa mzuri, na bima ya afya, ya kwake na ya mume, ingeanza siku ya kwanza ya kazi. Theresa aliomba muda wa kufikiri, akaweka simu kwenye meza kati yake na Ray.

"Usiwakubalie kwa ajili yangu," alisema Ray.

"Nikubali kwa ajili ya nani sasa? Ya jirani?"

Ray aliinuka, akishika kiti kwanza halafu ukuta, akaenda kumwagilia nyanya zake uani, ingawa alikuwa amezimwagilia asubuhi.

Theresa alianza kazi Jumatatu ya kwanza ya Juni, naye hakuanza kwa kukunja mikono. Siku ya pili alimpelekea mkurugenzi ombi la kununua vigae vya mawe, boriti moja na misumari. Bwana Ashcombe alilisoma lote, akamkaribisha kiti.

"Tatizo, Theresa, ni kwamba paa tumeshalinunua mara tisa," alisema. "Tukilinunua mara ya kumi, wakaguzi watauliza yale tisa yako wapi."

"Basi tusinunue. Mume wangu ni fundi. Rafiki yake Stan ana vigae vya zamani gereji, mawe matupu, anatafuta pa kuvitupa. Watakuja bure. Ray ataelekeza tu, akiwa chini."

Mkurugenzi aliweka miwani mezani. Kwa mara ya kwanza alionekana mwenye wasiwasi.

"Bure ni mbaya zaidi," alisema taratibu. "Watu wakionekana wanakarabati paa lililokamilika, itakuwa ushahidi kwamba halikukamilika. Mshukuru sana mumeo. Anaendeleaje, lakini? Dripu yake ni lini?"

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa na kadi ya pole tayari kwenye droo, imeshasainiwa na ofisi nzima.

Taarifa ya mwaka ilisainiwa Ijumaa, ndani ya kanisa, kwa kuwa wanasheria walikuwa bado kwenye ukumbi mwingine. Sentensi iliyomhusu Theresa ilikuwa moja: paa la kanisa la Tsvirani limekamilika na liko katika hali njema. Aliandika jina lake chini yake. Wino ukaloa, jina likachuruzika mpaka ukingoni mwa ukurasa. Bwana Lyle akaomba karatasi nyingine, wakasogeza meza hatua mbili kushoto, na Theresa akaandika tena. Safari hii lilikauka vizuri.

Wanaume walipotoka, Manana alibaki akifagia maji kuelekea mlangoni. Theresa naye hakuondoka.

"Vigae vinakuja lini?" Manana aliuliza bila kusimama kufagia. "Wameniambia mtu wa fedha ndiye anayejua."

Theresa angeweza kusema anafuatilia. Hilo lilimjia mdomoni, akalimeza.

"Karatasi inasema vimeshawekwa, dada," alisema. "Nimeisaini mimi."

Manana aliegemea ufagio, akatazama juu kwa muda mrefu. Wingu zito la Tsvirani lilikuwa linapita juu ya tundu.

"Waliviweka kwa ustadi," alisema. "Hata havionekani." Akaendelea kufagia. Alipofika miguuni mwa Theresa, akamwambia, "Sogea, mwanangu, utalowa," na Theresa akasogea.

Saa tisa alikuwa kliniki. Muuguzi alipitisha kadi mpya ya bima kwenye mashine, mashine ikakubali bila neno. Ray alikuwa amelala nusu kwenye kiti cha kuegemea, dripu ikimdondokea tone baada ya tone. Vidole vyake vilikuwa vimetulia kuliko wiki iliyopita. Theresa akakaa kando yake.

"Vigae vya Stan?" Ray aliuliza, macho yamefumbwa.

"Mwambie avitupe tu."

Ray akautafuta mkono wa mkewe, akaushika.

Simu ya Theresa ikatikisika. Ulikuwa ujumbe wa mkurugenzi kwa wafanyakazi wote: ngazi za ghorofa ya tatu zimezibwa na daraja la mawe la matao matano, tafadhali watu watumie lifti. Chini yake ulikuwepo mwingine, wa kwake peke yake, ukimwomba Jumatatu afike mapema kidogo, kuna taarifa ya daraja inahitaji saini.

Theresa aliusoma mara mbili.

"Na mto nao umekuja?" aliandika.

"Uko njiani," alijibu Bwana Ashcombe.

Akamwandikia kwamba saa mbili kamili atakuwa amefika.