Dakika za Kwenda San Telmo

Asubuhi ile upepo wa kusini ulipoingia, nilikuwa nimeshakata shauri kwamba siruki. Kwetu Trinidad, mji wa mbugani mbali na bahari, tunauita surazo. Unashuka ghafla na baridi yake, mawingu yanalala chini, na mwenye akili anabaki jikoni na kahawa yake. Nami siku hiyo nilikuwa na akili. Nilikuwa pia na mgongo unaouma, macho yasiyolala, na miaka mingi mno ya kurusha ndege ndogo za watu wengine. Nilikuwa nimechoka hoi, na wala sioni haya kusema.

Ndipo akaingia don Querubín Melgar, mwenye ranchi ya ng'ombe ya San Telmo, bila kofia. Sikuwahi kumwona mtu yule bila kofia.

"Kepteni Eneida, twende. Mama anakata roho."

Doña Deidamia, mama yake, nilimjua vizuri. Kila nilipotua ranchini kwao hakuniacha niondoke bila masaco ya moto, ndizi na nyama kavu zilizopondwa pamoja, akanifungia kwenye kitambaa. Na hakuwahi hata siku moja kuniuliza kwa nini mwanamke anaendesha ndege. Nikavaa koti, tukaenda ofisini kwangu, pale uwanja wa ndege.

Huku kwetu mbuga hufurika nusu mwaka, kwa hiyo hakuna anayepoteza muda kutaja kilomita. Njia zote ni za dakika za angani. San Telmo iko dakika arobaini na tano: ndivyo alivyosema babu yake don Querubín, ndivyo alivyosema baba yake, na yeye alizinyonya dakika hizo pamoja na maziwa. Tatizo ni kwamba ni dakika za siku tulivu.

Nikachukua penseli na kisahani changu cha plastiki cha kupigia hesabu za upepo. Watu wa mnara wa kuongozea ndege walikuwa wamenipa hali ya huko juu: upepo kutoka karibu kusini kabisa, kilomita themanini kwa saa. Ndege yangu hukata hewa kwa mia mbili. Nikauchora upepo, nikazungusha kisahani, nikasoma. Njia ya San Telmo ni digrii mia thelathini na tano, lakini pua ilibidi iangalie mia na hamsini, yaani kulia zaidi, la sivyo tungesukumwa kushoto mpaka kwenye mabwawa. Na kwa kuwa upepo ungetupiga usoni njia nzima, mwendo wetu juu ya ardhi ungebaki mia thelathini tu na kidogo.

"Saa moja na dakika kumi," nikasema.

Kumbe don Querubín ameshaikamata redio ya ofisini. "Abelino! Tunaondoka sasa hivi. Arobaini na tano, kama kawaida. Mwambie mama anisubiri, unasikia? Anisubiri!"

"Don Querubín, ni saa moja na kumi."

"Kepteni, mi naenda kwetu kwa ndege tangu navaa nepi. Arobaini na tano."

"Inategemea upepo."

"Nyie marubani bwana, kwenu kila kitu kinategemea upepo. Hata mkichelewa kwenye harusi zenu."

Nikamnyang'anya redio nimsahihishe, nikaita mara tatu. Kimya. Abelino, msimamizi wa ranchi, huzima redio akishapata habari, kulinda betri, kama wafanyavyo wote kule. Maji yalikuwa yameshamwagika. Kubaki na kuita tu hakungemfikisha mtu kwa mama yake, basi tukaondoka.

Tulipopanda juu ya wingu la kwanza hakutulia. Alitazama dira, akatazama pua, akanitazama mimi.

"We unanipeleka wapi? Nyumbani ni kule!" Akanyoosha kidole kushoto. "Hapa tunaelekea kwa akina Justiniano!"

"Ndege haiendi inakoangalia."

"Hii ndege imelewa au ni wewe?"

"Sijalala, kwa hiyo labda ni mimi. Don Querubín, ukivuka mto Mamoré kwa mtumbwi, unaelekeza wapi?"

"Juu ya mkondo."

"Ili ufike juu?"

Mtu akijua ng'ombe elfu tatu kwa sura zao, ni vigumu kumwambia kuna kitu asichokijua, na mimi mabishano hayo nimeyachoka kuliko ninavyouchoka upepo wenyewe. Upenyo ukafunguka kwenye wingu, nikaiona chini ile kona ya mto ninayoitumia kama alama, penye miti miwili mikavu, mahali pake na kwa wakati wake. Hesabu ilikuwa inasimama. Tulikuwa kwenye njia, ila tunajikokota.

Saa yake ya mkononi ilipotimiza dakika arobaini na tano alibandika uso dirishani.

"Tumepita! Umenipoteza, mwanamke! Kata kushoto!" Akaushika usukani upande wake. Ndege ikalala ubavu.

Nikampiga kofi mkononi. "Ukiugusa tena tutakuwa chakula cha mamba, mimi na wewe. Toa mkono!"

Akautoa. Kisha akafunika uso.

"Anatazama saa," akasema. "Ile ya ukutani, mbele ya kitanda chake. Nimemwambia arobaini na tano, Kepteni. Anahesabu."

Hapo nilimhurumia, na hasira yangu ikakosa pa kukaa. Lakini huruma haiongezi mwendo. Nilishika mia na hamsini nikaendelea.

San Telmo ilitokea kushoto kidogo ya pua, pale pale ilipopaswa kuwa. Sikufurahi. Ranchi ikisikia ndege, watu hutoka wakafukuza ng'ombe uwanjani na kuwasha makuti mabichi, ili moshi umwonyeshe rubani upepo. Siku ile hapakuwa na moshi. Ng'ombe walijaa uwanjani, na zizi la farasi lilikuwa tupu.

Nikaelewa kabla yake. Kwenye mbuga hizi, ndege iliyosemwa itafika na haikufika, ikipita robo saa, kila mwenye miguu anapanda farasi kwenda kuitafuta kwenye maji. Walikuwa wamekwenda kututafuta.

Nikapita chini mara mbili juu ya ng'ombe mpaka wakatawanyika, nikatua kwenye rasharasha nimeupa upepo uso. Don Querubín aliruka kabla sijazima injini. Mlangoni alisimama Petrona, mpishi, macho mekundu. Alipomwona alipiga ukelele, akajikunja ukutani huku akifanya ishara ya msalaba.

"Mi mzima, Petrona! Mama je?"

"Nilimwambia," Petrona akalia. "Aliuliza na akauliza, bwana. Nikamwambia ndege imeanguka. Nisamehe!"

Tukaingia. Doña Deidamia alikuwa amebaki kidogo sana ndani ya mashuka, lakini macho yalikuwa yake. Saa ilikuwa ikigonga ukutani. Alimtazama mwanawe bila kushtuka, na uso wake ukalegea, uso wa mtu aliyeondolewa mzigo.

"Querubín wangu," akasema. "Umekuja kunichukua."

Nilimwona mwanawe akifungua kinywa aeleze: kwamba hatukuanguka, kwamba ni upepo, kwamba ni yeye na arobaini na tano zake. Mkono wa mama yake ulikuwa umeshamshika. Haukuwa na hofu yoyote, mkono ule. Akapiga magoti.

"Ndiyo, mama. Nimekuja kukuchukua."

Bibi akaniona mimi mlangoni, koti limelowa. "Na Eneida naye? Maskini. Petrona, mpe masaco, ale kabla hatujaondoka."

Petrona alilia kwenye aproni yake. Mimi nilijiegemeza kwenye fremu ya mlango, nikalia pia, na wala sikujua ni uchovu au ni nini.

"Huko kwenyewe ni mbali?" doña Deidamia akauliza. Sauti ilikuwa inakwisha.

"Si mbali, mama."

"Dakika ngapi?"

Don Querubín, ambaye hajawahi kukosa jibu la swali hilo, aliweka paji la uso juu ya mkono wa mama yake.

"Inategemea upepo, mama," akasema.